Kiraka cha Bawa

Oda ilikuja kwa simu, pamoja na picha yake:
kipanga amekunjua mabawa juu ya duara la samawati,
chini yake utepe, maneno ya Kilatini,
na miaka ya vita.
Beji arubaini, kasema mjukuu wa rubani,
za kushonwa kwenye makoti;
wazee wamekwisha, sasa wanakumbukana wajukuu.
Akasisitiza: manyoya saba kila bawa.
Manjano ya haradali, si ya dhahabu.

Nikamwambia inshallah, Alhamisi.

Hapa Mtaa wa Biashara mimi ni fundi wa nembo:
mfuko wa sweta la shule, kofia ya bawabu,
jina la timu ya mtaa iliyofungwa saba bila.
Sindano haiulizi inamtukuza nani.
Inazama, inaibuka, inazama.

Lakini bawa la kwanza lilipojaa uzi
nikanusa ndizi.

Mbivu, za kupitiliza, na mezani hamna hata ganda.
Nikamkumbuka nyanya, Bi Mwanaesha wa Kibokoni:
"Babuyo alikuwa fundi wa Wazungu wa ndege.
Asubuhi yuwenda Port Reitz kwa miguu,
jioni yuwaja yuwanuka ndizi,
na ndizi yenyewe hakuleta."

Kumbe ni rangi ile, ya kukazia kitambaa.
Ndege zile mabawa yake yalikuwa nguo,
nguo iliyovutwa juu ya mbavu, ikapakwa,
ikakazika kama ngozi ya ngoma.
Risasi ikitoboa, huitwa Shee Bwanakai
na sindano yake iliyopinda,
alale chini ya bawa, uso juu, jasho machoni,
atie kiraka, ashone, wapake,
rubani aruke.

Yeye hakuruka. Hata mara moja.
Aliomba, wakacheka, si kwa ubaya.
Vita vilipokwisha wakampa barua yenye muhuri,
jina limekosewa,
na blanketi. Tulijifunika hilo mpaka likawa wavu.

Basi nikashona. Umeme ukakatika mara mbili.
Thelathini na tisa zikatoka sawasawa,
manyoya saba, manyoya saba.
Ya arubaini mkono ukanipita:
unyoya wa nane, mfupi, chini ya bawa,
kwa mshono wa mkono, ule wa kupindia,
nilioufunzwa na baba, naye na babake.

Mjukuu wa rubani akaja mwenyewe, mtu mpole,
pua imemwiva kwa jua.
Akazipanga mezani, kidole juu ya manyoya.
Akafika ya mwisho. Akarudia kuhesabu.
"Hapa umezidi mmoja."
Ndiyo, nikasema, umezidi.
Akangoja sababu. Nilikuwa nayo, yote, hapa kooni,
ila mama mmoja akaingia na sare za harusi,
na teksi yake nje ikapiga honi.
Akalipa thelathini na tisa.

Ile moja nikaigeuza.
Nyuma hakuna kipanga wala Kilatini,
mafundo tu, na nyuzi zilizopandana
kama watu waliolala kambini.

Begi la binti yangu lilikuwa limetoboka pembeni.
Nimeitia hapo.
Asubuhi kaniuliza, huyu ni ndege gani?
Nikamwambia, hicho ni kiraka.
Shika begi, utachelewa.