Mtoto wa Binamu

Kengele hatuna. Kuna kipande cha reli
kinachoning'inia kwa waya mlangoni pa jiko,
na saa kumi na mbili kasorobo Magnus hukigonga kwa nyundo
kana kwamba kimemkosea adabu.
Soksi zimeganda juu ya kamba.
Anayelala karibu na jiko la chuma ameungua bega,
anayelala mlangoni ana barafu ndevuni,
na kila Jumapili wanagombana nani abadilishane na nani.

Uji wa shayiri. Maharagwe. Plamu kavu.
Jana plamu kavu.
Tunapanga kokwa ukingoni mwa sahani na kuzihesabu:
huyu kapata saba, yule tano, kwa nini?
Watu wazima na mvi zetu,
mmoja aliwahi kuendesha garimoshi.

Serikali inataka barabara.
Inatoka kambini, inazunguka mlima,
inakoma pale tulipokomea jana.
Mashine ya kuchimbia ipo, tuliiona stesheni tuliposhuka,
imefunikwa turubai, imepakwa grisi, imelala.
Sisi tuna sululu, sepetu,
na toroli la Eino linalolia mii, mii, mii
hata usingizini nalisikia.
Mbele yetu misonobari, nyuma yetu misonobari.
Ujira senti ishirini kwa siku.
Siku moja ya kuinama, stempu sita na chenji.

Kitanda cha juu yangu analala Ostap Hrynkiw.
Kambi hii ni ya makapera, ndiyo sheria.
Karani alimuuliza, Una mke? Akajibu, Sina,
akatia sahihi, akapewa blanketi mbili na buti za mtu mwingine.
Na kule Winnipeg, Paraska akaenda ofisi ya misaada
akalia mbele ya dirisha: mume wangu amenitoroka.
Akapewa kuponi za maziwa na makaa.
Walikuwa wamepanga wote wawili, mezani, usiku,
taa wameizima ili wasimalize mafuta.

Barua zake naziandika mimi,
maana mkaguzi wa ofisi ile ana macho ya kunguru
na mwandiko wa Ostap anao kwenye faili.
"Binamu mpendwa," naanza.
Ananisomea maneno makavu: hali ya hewa, meno, theluji.
Nikimaliza anaichukua karatasi,
anakandamiza pembeni, chini kabisa,
kidole gumba chenye udongo wa barabara.
Basi. Hapo ndipo barua ilipo.

Mwezi wa pili ilikuja jibu.
Aliisoma amesimama katikati ya njia, glavu mdomoni,
kisha akatutangazia sote, kwa sauti ya mnadani:
"Mtoto wa binamu yangu ametembea!
Hatua nne! Kutoka kwenye kiti hadi kwenye pipa la makaa!"

Toroli likanyamaza.
Nyapara Crozier akainua macho kutoka kwenye daftari.
Mtu huyu hulipwa zaidi yetu kwa sababu ya daftari hilo.
"Binamu wa upande gani?"
"Wa mama."
Crozier akalamba ncha ya penseli.
Akatazama mlima, akatazama saa yake.
"Nne si haba," akasema, akaandika sijui nini,
pengine idadi ya mawe.

Jioni ile plamu zilikuwa tano tano.
Eino akainuka na sahani yake, hakusema kitu,
akaangusha moja katika sahani ya Ostap.
Magnus akaangusha mbili.
Bwana wa garimoshi naye, aliyeniibia wembe mwezi wa kumi,
akatoa zote, akarudi kukaa na mkate mtupu.
Nilitoa tatu. Nilitaka kutoa nne
nikakumbuka kesho ni mawe ya upande wa mto.

Ostap alizila zote.
Kokwa zikazunguka sahani, zikamwagikia mezani,
na hakuna aliyezihesabu.

Usiku kitanda cha juu kilitikisika muda mrefu.
Nikamuuliza, Tumbo?
Akasema, Tumbo.