Safu ya Saba

Daftari lenyewe ni kaunta buku, kurasa mia nne,
jalada lake limelamba mawese
tangu siku mama Ntakije alipotua chupa juu yake
akifuata barua ya mkopo.
Safu ya kwanza namba, ya pili jina,
ya tatu umri, wengi hukisia,
ya nne kazi. Hapo huandika "mjasiriamali",
neno pana kama khanga ya kuazima,
linamfunika mponda kokoto na asiyekula jana.
Ya tano nyumba. Ya sita waliomo.
Ya saba: Alikotoka.

Mimi ndiye karani wa mtaa huu, mwaka wa kumi na moja.
Nyumba mia mbili na nne juu ya udongo mwekundu,
kuanzia bomba lililokauka hadi relini.
Kigoma mwisho wa reli, husema wageni, wakacheka.
Kwa wengine wetu ndipo unapoanzia kuulizwa.

Safu ya saba nimeiuza.
Naliandika hapa kwa kuwa kule halina safu yake.
Elfu mbili, siku nyingine kisado cha dagaa,
na "Rumonge" naigeuza "Kalinzi".
Kalamu inavuka ziwa bila kulowa.

Pacha walilipa elfu nne, Bukuru na Butoyi,
wafyatua matofali wa bondeni.
Walizaliwa hapa hapa, nyumba namba 61.
Kilio cha kwanza nilikisikia nikinyoa ndevu,
cha pili kabla sijamaliza shavu la pili.
Ila babu yao alikuja na mtumbwi,
na babu hafutiki.
Niliwauzia kilichokuwa chao.

Jumanne ya ile simu.
Simu ya nani, hadi leo sijui.
Nilisikia "Mwizi!", neno lenye miguu,
kisha nikalisikia likivua shati, likivaa jingine:
"Mrundi! Mrundi huyo!"
Nikatoka na daftari kwapani
kama mtu anayebeba mwavuli mvua ikishanyesha.

Walikuwa wamemkalisha Butoyi kwenye tope
nje ya gereji ya baiskeli.
Dereva mmoja wa bajaji, mgeni wa mwaka juzi,
asiyejua Kiha hata cha kuombea chumvi,
ndiye aliyejipa umtahini.
"Hesabu kwa Kiha!"
Butoyi akahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Nne.
Kwenye tano akakwama,
si kwa kutojua.
Kwa jino.
"Mnaona?" akasema mtahini.

Mgambo Ruhinda akanigeukia:
karani, huyu wa wapi?
Nikalamba kidole. Nikafunua.
Jua lilikuwa kali, na wino wa Kalinzi
ulikuwa umekalia wino mwingine, ungeonekana.
Nikasema, ngoja nitafute.

Ngoja nitafute.
Maneno mawili tu,
na katikati yake yakapita matofali matatu.
Labda aliyafyatua mwenyewe.

Wakamlaza Maweni.
Jina la hospitali sikulichagua mimi.
Jicho la kushoto halikurudi naye.

Alhamisi Bukuru akaja kufuata barua
ya msamaha wa matibabu.
Uso ule ule, mzima, umesimama mlangoni;
nikashindwa pa kuangalia.
Akatoa elfu mbili iliyokunjwa mara nne.
Nikaisukuma. Akairudisha.
"Karani, barua ya bure hawaipokei.
Andika vizuri, kama ile ya mwanzo."

Nikaandika. Mhuri nikaupiga mara mbili, mkono haukutulia.
Alipoondoka nikafungua ukurasa wao,
nikakata Kalinzi, na Rumonge iliyo chini yake,
nikaandika: namba 61, chumba cha uani.
Karatasi ikatoboka.

Ukurasa wa kwanza kabisa kuna mimi.
Bibi yangu mzaa baba alizaliwa Kalemie,
ng'ambo, akaja Ujiji na sufuria moja.
Safu yangu ya saba iko wazi tangu nianze kazi.
Hakuna aliyewahi kuniuliza.
Kalamu ninayo mimi.