Herufi za Skaidrīte

Maktaba ya Rēzekne, huko Latvia:
kompyuta kumi na moja, na seva chini ya ngazi
inayovuma kama mtu asiyejua kuwa anakoroma.
Fundi ni mimi, Ainārs.
Kazi yangu ni kila anayeketi
akute pamefagiliwa.

Akaunti ya wageni inaitwa Msomaji.
Wote huingilia mlango huo mmoja, nenosiri moja
lililobandikwa ukutani kwa gundi,
na wakitoka, mashine inafuta nyayo.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
Msomaji hajawahi kuiona ya tatu.
Kila akiamka, ndiyo kwanza amefika.

Broņislavs huja Jumanne, theluji ingali butini.
Humwandikia mwanawe aliyeko Dublin
ukurasa mzima, kwa vidole viwili,
kisha anabonyeza Toka.
Nikamwambia: Mzee, humu hakisalii kitu.
Njoo na diski, nikuonyeshe kuhifadhi.
Akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja.
"Najua," akasema. "Ndiyo maana naandikia hapa."

Wafanyakazi, hao wana akaunti zao.
Siku ya kwanza mashine humnakilia kila mmoja
wasifu wa msingi: folda iliyofichwa,
haina mwenyewe, haiingiwi na mtu,
na hakuna asiyetoka humo.
Niliitengeneza miaka tisa iliyopita
kwenye meza ya Skaidrīte wa azima na rejesha,
macho yake yakianza ukungu.
"Kuza," akasema. "Kuza tena."
Nikakuza. Nikanenepesha mshale,
nikaweka unjano nyuma ya maandishi
maana weupe ulimchoma.
Jioni, mbio mbio, basi la mwisho linaondoka,
nikanakili meza yake nzima ikawa kalibu.

Kalibu ikipinda, tofali lina kosa gani?

Tulimzika Machi.
Wachimbaji waliwasha moto juu ya ardhi kwanza
ndipo ikakubali sepetu.
Akaunti yake nikaifuta Ijumaa.
Una uhakika? seva ikauliza.
Ndiyo, Hapana. Kitufe cha tatu hakikuwepo.

Jumatatu akaja Evelīna, miaka ishirini na miwili,
jicho kama la mwewe.
Akaingia. Subiri, tunaandaa eneokazi lako.
Akasubiri. Kisha akacheka:
"Herufi kama za bango la sarakasi!
Nani alizitaka hivi?"

Dawa yake ni dakika mbili, naijua.
Nilishapiga magoti chini ya ngazi,
folda imefunguka, kidole juu ya kipanya,
vumbi la moto likinipuliza usoni.

Nikarudi juu. Nikamwambia:
punguza kwako ukitaka, kwako ni kwako.
Kalibu sikuigusa.

Huu ni mwezi wa nne, hajapunguza.
Anasema ni uvivu tu.