Kurasa za Chumvi

Kitabu changu cha kwanza hakikuwa na mwisho.
Chitanda wa dukani alikuwa akikichana kutoka nyuma,
jani kwa jani, akifungia chumvi, akifungia dagaa,
amekwisha fika ukurasa wa themanini
mama aliposema: hicho kilichobaki, nipe mimi.
Akalipa kibaba cha mbaazi.
Hakujua kusoma. Alikipima mkononi
kama mtu anayechagua jembe.

Ukurasa wa themanini unaishia hivi:
Akafungua mlango na

Basi. Hakuna nukta.
Nilikuwa na miaka minane, nikadhani
vitabu vyote huishia vile,
na kinachofuata wanakijua watu wazima.

Newala maji yako chini, watu wako juu.
Tuliteremka bondeni na giza, tukapanda na jua,
na kwa kuwa ndoo haipendi kichwa kinachogeuka
nilitazama visigino vya mama mbele yangu,
nyufa zake, vumbi lake jekundu,
huku nikirudia kwa ghibu ukurasa wa tatu, wa nne.
Kila siku nilifika mlangoni
na kila siku nyuma ya mlango nikaweka kitu:
chui,
mjomba aliyepotelea Msumbiji,
bomba la maji.
Siku ya bomba nilicheka,
ndoo ikanipa haki yangu.

Kisha kikaja kisomo cha watu wazima.
Mama akaenda ghalani, kati ya magunia ya korosho,
penye karabai na Mwalimu Mkwanda mwenye kikohozi.
Mwezi mzima, akarudi na neno moja.
Akakifungua kitabu changu, akaweka kidole,
akalisaka mstari hadi mstari:
na. Na. Na.
Ukurasa mmoja, ishirini na tatu.
"Kumbe," akasema, "mzigo wote huu
umefungwa kwa kijikamba hiki."

Nimesoma mengi tangu hapo. Karani wa chama cha msingi
husoma mizani, husoma stakabadhi,
husoma uso wa mkulima akitajiwa bei.
Usiku nilisoma vya kuazima kutoka Ndanda,
vyenye mihuri, vyenye majina ya waliokwisha kufa,
mume wangu akilalamikia mafuta ya taa
mpaka usiku ule aliponiuliza, kageukia ukutani:
"Yule mwanamke wa jana, alimpata mwanawe?"
Tangu hapo mafuta alinunua yeye.

Mwaka jana mwanangu Twalibu alikikuta Mtwara mjini,
kwenye lundo la vitabu chakavu,
kile kile, kizima, kurasa mia moja na kumi na mbili.
Nikavaa miwani.
Nikafunga kwanza mlango wangu mwenyewe.

Nyuma ya mlango alikuwapo mtu wa kodi.
Mtu wa kodi, na daftari lake.
Halafu harusi.

Nilicheka mpaka nikatafuta leso.
Miaka hamsini na saba! Chui wangu, mjomba wangu,
bomba langu la maji,
wote wamekaa wakimngojea mtu wa kodi.

Kile kizima nimekipeleka shuleni.
Kile cha chumvi kiko chini ya mto,
na ukingoni mwa ukurasa mmoja alama ya kidole,
kahawia, ya utomvu wa korosho,
pale mama alipokuwa akihesabu.

Jana mjukuu wangu Somoe alikisoma kwa sauti.
Akakwama, akaruka, akadhani sikuona,
akafika themanini. Akageuza jani:
hewa.
"Bibi, na nini?"

Nilikuwa nachambua mbaazi.
Nikamsogezea ungo.
Akachambua kimya, nyingi tu,
nzima na mbovu akizichanganya.
Kisha akasema, "Labda ndovu."