Anwani ya Zamani

Mashine ya saba hufa kila usiku wa tatu.
Vendelín ameibandika karatasi kifuani: MGONJWA, USIGUSE,
na chini yake mtu amechora msalaba mdogo.

Brno, Novemba. Ukungu umemeza reli za tramu;
humu ghorofa ya nne zinazopumua ni feni tu.
Nimeifungua maiti kwenye kioo,
anwani kushoto, yaliyomo kulia,
naisoma kama daftari la madeni ya marehemu.

Aliyeanguka ni mfumo wa mafaili.
Nilimshuku siku sita kwa kuwa ndiye aliyekutwa na damu,
nikamvua nguo mstari kwa mstari.
Hana kosa. Aliingia chumbani mwake, akanyoosha mkono kwenye swichi,
na swichi haikuwa swichi.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo.
Wahenga hawakuandika kiini cha mfumo.
Humu asiyekuwapo, lake lipo:
baiti nane, zimekaa kwa adabu
katikati ya ukurasa wa mtu mwingine.

Niliweka mitego. Kila chumba kilichoachwa nilikipaka sumu,
6b 6b 6b 6b, rangi moja ukuta mzima,
ili atakayegusa aache kidole.
Ukapita usiku wa tatu. Wa nne. Wa tano.
Nikaondoa mitego, ikafa kabla ya chai.
Rangi ile huchelewesha kidogo, kope haijafika chini,
na ndani ya kuchelewa huko
wawili waliokuwa wagongane mlangoni
wanapishana: samahani, pita.

Vendelín anachokoa soseji ya siki mtungini.
“Labda vijiti vya kumbukumbu ni vibovu.”
Tumevibadilisha mara mbili.
“Labda ni miale ya jua.”
Usiku?
“Basi ya nyota.”

Saa nane na nusu natafuta sarafu ya kahawa,
mkono unakutana na ufunguo.
Wa Židenice. Nyumba niliyohama Machi.
Nilitia saini, nikakabidhi funguo mbili,
huu wa tatu ukalala kwenye bitana ya koti.
Sasa pale anaishi fundi wa piano,
nimeliona jina lake kwenye kengele,
na baiskeli ya mtoto chini ya ngazi.
Nikitaka, usiku huu huu, naingia bila kuwasha taa,
natundika koti palipokuwa na msumari,
naweka kikombe palipokuwa na meza,
sina ubaya na mtu,
na kikombe kinaanguka.

Kahawa sikununua.

Ni kiendeshi cha kadi ya mtandao.
Ctibor alikiandika miaka kumi na moja iliyopita;
siku hizi anafuga kondoo Vysočina na hajibu simu.
Kadi ikizimwa, yeye hurudisha chumba kwanza,
ndipo asimamishe saa.
Saa inabaki na anwani ya zamani mfukoni.
Kwa kawaida huwahi kunyamaza.
Ila usiku wa tatu, nakala kubwa zinapohamishwa
na kila mtu yuko kwenye foleni,
saa inalia ndani ya nyumba ya watu,
inaandika ukutani: nimemaliza kazi.
Kwa uaminifu wake wote.

Tiba ni mistari miwili kubadilishana nafasi.
Simamisha saa. Kisha achia chumba.
Siku kumi na mbili, mistari miwili,
na Vendelín akanirudishia: umesahau nukta kwenye maelezo.

Usiku wa nne umepita, wa tisa pia.
Karatasi ya MGONJWA ingali kifuani,
hakuna anayethubutu kuing'oa.
Ufunguo nimeutia kwenye bahasha,
jina la fundi wa piano nimeliandika kwa herufi kubwa.
Iko hapa, kando ya kibodi.
Stempu bado sijanunua.