Zamu ya Maji

Birkat al-Mauz, Ijumaa, wananadi maji:
nusu saa ya falaji, riali mbili na baisa mia tatu.
Bwana Zahran anaandika kwa penseli;
fedha yote hurudi kuzibua mfereji.
Nami na kapu la vitunguu nimeganda,
nasikiliza kama niliyetumwa.

Nyamizi, mwezi huu situmi hela.
Pampu niliyowanunulia mwaka juzi
ilikufa kwa kukosa kipira cha shilingi elfu mbili,
na kikoba kizima kikanisubiri mimi.

Chukueni sauti hii tu:
nadini zamu za bustani,
na daftari alishike yule mgomvi, Mama Kashindye,
anayedai hata chenji ya kiberiti.

Madamu ananiita.
Kivuli cha kijiti kimesogea kidole kimoja;
maji yamehamia kwa jirani.