Kugonga Mara Tatu

Wanasema maji ya moto hayachomi nyumba.
Hawakuiona bili ya gesi ya Julai
kule St Albans, magharibi mwa Melbourne.
Mama aliibandika kwenye friji
kwa sumaku yenye umbo la sungura,
akaipa mgongo, akaendelea kumenya viazi.

Tangi lilikaa nje, ubavuni mwa nyumba,
kutu imelizunguka shingo kama kola.
Baba alilinunua mwaka nilipong'oka jino la kwanza.
Tumboni mwake kimoto cha bluu, kidogo kama ukucha,
hakikulala usiku wala mchana.
Mwaka ule tulipokwenda Gozo miezi mitatu
kumzika bibi na kugombania shamba
kilibaki huku kikiyapasha maji
kwa ajili ya nyumba tupu,
na mabomba, na buibui.

Baba yangu Wistin alikuwa na sheria:
dakika nne kila mtu.
Ya tano aligonga ukuta wa bafu mara tatu,
ko, ko, ko,
na mwenye povu kichwani alijua la kufanya.
Miaka sita sasa ukuta umenyamaza.

Akaja fundi, binti aitwaye Thuy,
buti zake zina matope ya nyumba nyingine.
Hili tunaling'oa, akasema, tunaweka pampu ya joto.
Inachota joto hewani, inalitia majini.
Mama akatazama nje.
Sakitu ilikuwa nyeupe juu ya nyasi,
pumzi ya paka ilionekana.
"Hewa hii? Ina joto gani la kukopesha?
Mimi mwenyewe nimevaa soksi mbili mbili."

Thuy hakutoa karatasi, hakusoma namba.
Aliuliza paka hulala wapi.
"Nyuma ya friji."
"Kwa nini?"
Mama alifungua kinywa, akakifunga.
Miaka arobaini amefagia manyoya pale
bila kujiuliza friji inalitupa wapi
lile joto inaloyanyang'anya maziwa.
"Basi," akasema Thuy, "hii ni friji iliyogeuzwa ndani nje.
Hata hewa ya sakitu si fukara kabisa."

Walipolilaza tangi la zamani kwenye toroli
lilitapika maji ya kahawia.
Mama alisimama kando, aproni mkononi,
kama aliyekuja kuaga.
Hakuna aliyeona kimoto kilivyokufa;
Thuy alifunga valvu, basi.
Mama alisema neno moja kwa Kimalta.
Sitalitafsiri.

Na sitadanganya: usiku wa kwanza mlio ulituudhi.
Jirani, Bwana Dragutin, alichungulia juu ya ua
kuuliza kama tumeanza kufuga nyuki.
Thuy akarudi, akairekebisha saa yake
ifanye kazi mchana, paneli za paani zikiwa na jua.
Sasa inanguruma adhuhuri,
na mama amegundua kwamba inapumua baridi.
Huweka mbele yake sinia la pudini ipoe.
"Pudini inatupa joto, mashine inaliokota," ananiambia,
kana kwamba ndiye aliyeibuni.

Bili ya Oktoba aliisoma mara mbili,
akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena.
Kisha akaibandika palepale, chini ya sungura,
lakini safari hii hakuipa mgongo.

Jumamosi nilioga kwake.
Dakika ya nne ikapita, ya tano, ya saba,
maji yakaendelea kuja na moto wake
na mimi nimesimama na povu kichwani,
nimetega sikio kama mjinga.
Kisha, upande wa pili wa ukuta,
kwa kidole chembamba kuliko cha baba,
ko, ko.

Nilingoja.
Ya tatu nikaigonga mwenyewe.